Rahi Masoom Raza: Mshairi wa Kiurdu katika Hati za Devanagari

Utangulizi

Historia za fasihi huwapanga waandishi kwa lugha walizoziandikia. Mpango huo una manufaa yake, lakini hukwama unapomfikia mtu kama Rahi Masoom Raza (1927–1992). Mwandishi huyu wa Bara Hindi alianza kazi kama mshairi wa Kiurdu, akasifika kama mtunzi wa riwaya za Kihindi, na hatimaye akajulikana na mamilioni ya watu kwa maneno aliyoyatia vinywani mwa waigizaji wa sinema na televisheni. Wataalamu wa Kiurdu wamezoea kumtaja kwa ufupi, kana kwamba aliwaaga mapema. Wataalamu wa Kihindi humtaja kwa riwaya zake na mara nyingi huusahau ushairi wake. Raza mwenyewe alishikilia kwamba Kiurdu na Kihindi ni lugha moja yenye hati mbili. Kwa maoni hayo, yeye hakupata kuihama lugha yake hata siku moja.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi za mwandishi huyo kwa kusudi la kulichunguza swali moja: je, lugha ya mwandishi ni ile iliyo ulimini mwake, au ni ile inayotambulikana kwa herufi zake? Swali hili si geni kwa wachunguzi wa Kiswahili. Tungo za Muyaka bin Haji (1776–1840) wa Mombasa zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, na siku hizi husomwa kwa hati za Kirumi. Hakuna adaiye kwamba kwa sababu hiyo Muyaka amegeuka kuwa mshairi wa lugha nyingine. Katika Bara Hindi, hata hivyo, badiliko la namna hiyo lilikuwa na uzito mwingine kabisa, na ndiyo maana maisha ya Raza yanastahili kuangaliwa.

Lugha moja, hati mbili

Yafaa ifahamike kwanza kwamba Kiurdu na Kihindi vimejengwa juu ya msingi mmoja, yaani lahaja ya Khari Boli iliyosemwa katika nchi ya Delhi na pambizoni mwake. Viwakilishi vyake ni vile vile, na vitenzi na nyakati zake ni zile zile. Kwa mambo ya kila siku, mzungumzaji wa Kiurdu na mzungumzaji wa Kihindi huelewana bila mkalimani. Tofauti huonekana mahali pawili. Kwanza ni hati: Kiurdu huandikwa kwa herufi zilizotokana na Kiarabu na Kiajemi, kutoka kulia kwenda kushoto, Kihindi huandikwa kwa Devanagari, kutoka kushoto kwenda kulia. Pili ni msamiati wa juu: Kiurdu huazima katika Kiajemi na Kiarabu, na Kihindi huazima katika Kisanskriti. Hivyo Mwurdu aliyesoma atasema waqt na kitab, maneno ambayo Mswahili huyatambua mara moja kuwa ni ndugu wa wakati na kitabu. Mhindi aliyesoma atachagua samay na pustak. Mkulima wa kijijini huenda akayatumia yote bila kuulizana asili yake.

Mgawanyiko wa lugha hiyo ulikomazwa na siasa. Kuanzia mwaka 1837 serikali ya Waingereza ilikiondoa Kiajemi katika mahakama, na katika mikoa ya kaskazini nafasi yake ikashikwa na Kiurdu. Wapenzi wa Devanagari walidai haki yao kwa miaka mingi, hata mwaka 1900 Gavana Antony MacDonnell akaruhusu hati hiyo itumike mahakamani. Tangu hapo hati ikawa bendera. Kiurdu kilianza kuhesabiwa kuwa lugha ya Waislamu na Kihindi lugha ya Wahindu, ijapokuwa washairi wengi wa Kiurdu walikuwa Wahindu, na Waislamu wengi wa vijijini hawakukijua Kiurdu cha vitabuni. Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, Kiurdu kikawa lugha ya taifa ya Pakistan. Katiba ya India ya mwaka 1950 ikakiweka Kihindi cha hati za Devanagari kuwa lugha rasmi ya serikali kuu. Jimbo la Uttar Pradesh, ambalo ndilo lililokuwa kitovu cha Kiurdu, likakifanya Kihindi kuwa lugha yake rasmi mwaka 1951. Kiurdu hakikupewa cheo cha lugha rasmi ya pili katika jimbo hilo hadi mwaka 1989.

Mwandishi aliyevuka kutoka hati moja kwenda nyingine katika mazingira hayo alionekana kana kwamba anahama upande. Premchand (1880–1936) alikuwa amekwisha kuivuka njia hiyo kabla ya mgawanyo, naye alikuwa Mhindu aliyeanza kwa Kiurdu. Raza aliivuka baada ya mgawanyo, naye alikuwa Mwislamu. Gharama zake hazikuwa sawa.

Kutoka Ghazipur hadi Aligarh

Raza alizaliwa tarehe 1 Septemba 1927 katika kijiji cha Gangauli, wilaya ya Ghazipur, mashariki mwa Uttar Pradesh. Ghazipur ni mji ulio ukingoni mwa mto Ganga, maarufu tangu enzi za Waingereza kwa kiwanda chake cha afyuni. Jamaa zake walikuwa Washia wa ukoo wa Masharifu, wenye ardhi kijijini, na baba yake alikuwa wakili mjini. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia mguu wa kuchechemea na ukamfanya akae ndani muda mrefu, akisoma na kusikiliza hadithi. Nduguye, Moonis Raza, alikuja kuwa mwanajiografia mashuhuri na Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Delhi. Masoom, neno lililotoka katika Kiarabu, ni lile lile lililo maasumu katika Kiswahili. Rahi ni lakabu ya kishairi, maana yake msafiri.

Katika Gangauli mtoto alisikia lugha kwa matabaka. Nyumbani na shambani watu walisema Kibhojpuri, Waislamu kwa Wahindu. Kiurdu fasaha kilitoka siku za heshima, na hasa katika mwezi wa Muharram, yaani Mfungo Nne, wakati nauha na marsia za kumlilia Imam Husein zilipoghaniwa. Kwa hiyo Kiurdu kwake kilikuwa lugha ya majlisi na ya ushairi. Kibhojpuri kilikuwa lugha ya mama, ya ugomvi na ya mzaha. Mpangilio huu wa lugha ndio uliokuja kuwa mali yake kubwa kama mtunzi.

Alisoma na baadaye akafundisha Kiurdu katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu Tilism-e-Hoshruba, hekaya ndefu ya Kiurdu yenye majini, wachawi na mashujaa, iliyochapishwa Lucknow mwishoni mwa karne ya 19. Alichokichunguza humo ni utamaduni wa Kihindi uliojificha ndani ya hadithi ambayo kwa jina na kwa mashujaa wake hudhaniwa kuwa ya Kiarabu na Kiajemi. Mwaka 1957, Wahindi walipokuwa wakiadhimisha miaka mia moja ya vita vya 1857 dhidi ya Waingereza, alitoa utenzi mrefu wa Kiurdu juu ya vita hivyo. Uchaguzi wa mada haukuwa wa bahati nasibu, maana katika vita hivyo Waislamu na Wahindu walipigana upande mmoja.

Nusu ya kijiji

Mwaka 1966 ilitoka riwaya yake Aadha Gaon, maana yake Nusu ya Kijiji, kwa hati za Devanagari. Riwaya hii inasimulia maisha ya Masharifu wa Kishia wa Gangauli, waliogawanyika katika mitaa miwili yenye kushindana, kuanzia miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza hadi sheria ya kuondoa umwinyi wa ardhi ilipowafukarisha. Habari ya Pakistan inawafikia wanakijiji kama uvumi kutoka mbali. Vijana wasomi wanakuja kutoka Aligarh kuwahimiza wapige kura kwa ajili ya nchi mpya ya Waislamu, na wenyeji wanashindwa kuelewa jinsi watakavyoyaacha makaburi ya wazee wao na matanga yao ya Muharram. Mmoja wao, Phunnan Miyan, amempoteza mwana katika shambulio la mwaka 1942 juu ya kituo cha polisi. Katika mkutano wa kuwakumbuka mashujaa, majina ya Wahindu waliokufa yanatajwa na jina la mwanawe linasahauliwa. Mzee huyo anasimama mbele ya umati kuwakumbusha. Hapana hotuba ndefu. Kibhojpuri chake kifupi kinatosha kuonyesha jinsi historia inavyoanza kuwagawa wafu kwa dini zao.

Jambo la ajabu katika muundo wa riwaya hii ni kwamba dibaji yake haiko mwanzoni. Mwandishi ameiweka ndani ya kitabu, hadithi ikiwa imekwisha kwenda mbali, na humo anawajibu wale waliodai kwamba Waislamu ni wageni katika India: yeye ni wa Gangauli, na hakuna mwenye haki ya kumwondoa huko.

Lugha ya riwaya ilileta mabishano. Wahusika wanasema Kibhojpuri kilichochanganyika na Kiurdu, wakitukana kama watu wa kijijini watukanavyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kitabu kiliingizwa katika masomo ya Kihindi ya Chuo Kikuu cha Jodhpur, chini ya mhakiki Namvar Singh, na malalamiko juu ya matusi yaliyomo yakawa makubwa. Jibu la Raza limo katika dibaji ya riwaya yake nyingine, Os ki Boond (1970). Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba kama wahusika wangesema kwa beti za Gita angeandika beti hizo, lakini wakitukana hana budi kuyaandika matusi. Hoja hiyo ni zaidi ya utetezi wa uhalisi. Mwandishi anakataa kuwasafisha watu wake lugha ili wakubalike katika Kihindi sanifu, kama vile alivyokataa kuwavika Kiurdu cha Lucknow.

Neno moja mezani

Katika Topi Shukla (1969) fikra hiyo inapata mfano mdogo wenye nguvu. Topi ni mtoto wa Kihindu. Rafiki yake Iffan ni Mwislamu. Siku moja, akiwa mezani nyumbani kwao, Topi anamwita mama yake ammi, neno alilolizoea kwa akina Iffan. Chakula kinasimama. Jamaa wanahisi kwamba nyumba yao imeingiliwa, na mtoto anaishia kupigwa. Neno hilo halina maana nyingine ila mama. Ubaya wake ni kwamba limetoka upande wa pili. Kinyume chake, bibi yake Iffan husema lahaja ya mashariki inayofanana na usemi wa mama yake Topi, na kwa sababu hiyo mtoto anampenda kuliko bibi yake mwenyewe. Kwa Topi, udugu unapita katika lafudhi, wala haupiti katika dini.

Mwisho wa riwaya ni mchungu: Topi, aliyesoma Aligarh na kubaki bila kukubaliwa kikamilifu na upande wowote, anajiua. Kipande cha utoto wake kimesomwa na wanafunzi wa shule nyingi za India katika kitabu cha masomo ya Kihindi. Hivyo mwalimu wa Kiurdu amekuwa, baada ya kufa kwake, mwalimu wa Kihindi.

Lugha ya kusikiwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Raza aliondoka Aligarh akaenda Bombay kutafuta riziki katika sinema. Katika sinema za huko, kazi ya kuandika hugawanywa: mmoja hutunga kisa, mwingine hupanga matukio, na mwingine huandika mazungumzo ya wahusika. Raza alisifika katika kazi hii ya tatu. Aliandika mazungumzo ya filamu nyingi, zikiwemo Mili (1975), Gol Maal (1979) na Karz (1980), na alipata tuzo ya Filmfare ya mazungumzo bora kwa Main Tulsi Tere Aangan Ki (1978) na tena kwa Lamhe (1991).

Kwa mtazamo wa mwanaisimu, sinema ilikuwa mahali ambapo ugomvi wa hati ulinyamaza. Mazungumzo ya filamu hayasomwi, bali husikiwa. Mtunzi anaweza kuyaandika kwa Kiurdu, mwigizaji akayanakili kwa Devanagari au kwa herufi za Kirumi, na mtazamaji asijue wala asijali. Mabango ya sinema ya zama hizo mara nyingi yalibeba jina la filamu kwa hati zote tatu. Lugha iliyotoka katika kipaza sauti ilikuwa ile ile ya sokoni, yenye ishq na dil ya washairi wa Kiurdu, na serikali ikaiita Kihindi. Watazamaji wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam waliozijaza kumbi kuzitazama filamu hizo, na waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo walioazima mahadhi yake, nao waliiita Kihindi tu. Masikio yao hayakupata sababu ya kuigawa.

Hata hivyo Raza hakuutukuza mji wa sinema. Riwaya yake Scene: 75 (1977) inauchora ulimwengu huo kwa kejeli kali, na Katra Bi Arzoo (1978) inaeleza mateso ya watu wadogo wakati wa Hali ya Hatari ya miaka 1975–1977. Riziki aliitafuta katika sinema. Hesabu ya zama zake aliiweka katika riwaya.

Wakati anasimulia

Kazi iliyomfikisha katika kila nyumba ilikuja mwishoni. Kuanzia tarehe 2 Oktoba 1988 hadi tarehe 24 Juni 1990, televisheni ya taifa ya India ilionyesha Mahabharat, tamthilia ya sehemu 94 iliyotolewa na B. R. Chopra. Maandishi yake aliyaandika Raza, akisaidiwa kwa ushauri na mshairi wa Kihindi Narendra Sharma, aliyefariki mwaka 1989 kazi ikiwa inaendelea. Ilijulikana wazi kwamba mwandishi ni Mwislamu, na inasimuliwa kwamba wapo walioandika barua za kupinga utenzi mtakatifu wa Wahindu kutiwa mikononi mwake. Jibu lake linalokumbukwa ni kwamba yeye ni mwana wa Ganga, na kwamba utamaduni wa India ni wake pia.

Mambo mawili katika lugha ya tamthilia hiyo yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni msimulizi. Katika utenzi wa asili kisa husimuliwa na mabingwa na watumishi wa wafalme. Katika tamthilia, msimulizi ni Samay, yaani Wakati mwenyewe, sauti isiyo na mwili wala madhehebu. La pili ni maneno ya heshima. Wahusika huitana pitashri na matashri, yaani baba mtukufu na mama mtukufu. Wachunguzi wameyalinganisha maneno hayo na abba jaan na ammi jaan ya nyumba za Kiurdu: maneno yenyewe ni ya Kisanskriti, lakini adabu iliyoyajenga ni ya Kiurdu. Ikiwa ulinganisho huo ni sahihi, basi ammi aliyepigiwa Topi amerudi mezani, akakaribishwa, kwa kuwa amevaa vazi jingine.

Hapa pana swali ambalo halifai kukwepwa. Mtunzi aliyetetea usemi wa kijiji, pamoja na matusi yake, aliishia kuandika Kihindi cha Kisanskriti ambacho hakuna kijiji kilichopata kukinena. Yawezekana kusema kwamba masharti ya mada yalimlazimisha, maana wafalme wa kale hawawezi kusema kama wakulima wa Gangauli. Lakini pia ni kweli kwamba watazamaji wengi walikipokea Kihindi hicho kama Kihindi safi kilichoondolewa Kiurdu, wakati ule ule ambapo mzozo juu ya msikiti wa Babri wa Ayodhya ulikuwa ukiwasha hasira. Raza alifariki Bombay tarehe 15 Machi 1992. Msikiti huo ulibomolewa tarehe 6 Desemba mwaka huo huo.

Hitimisho

Maisha ya Rahi Masoom Raza yanaonyesha kwamba mambo matatu ambayo siasa huyafunga pamoja, yaani lugha, hati na dini, yaweza kufunguliwa katika kazi za mtu mmoja. Lugha yake ilikuwa ile ya Ghazipur, kwa matabaka yake yote. Hati alizitumia kwa kadiri ya wasomaji aliotaka kuwafikia, hata akapendekeza kwamba Kiurdu chenyewe kingeweza kuandikwa kwa Devanagari, shauri lililowaudhi wapenzi wengi wa Kiurdu.

Udhia wao haukuwa bure. Kila hati hubeba baadhi ya lugha na kuangusha baadhi. Devanagari haina herufi zake yenyewe za z na q, ila kwa kuweka nukta chini ya herufi nyingine, na nukta hizo mara nyingi huachwa. Asili ya Kiarabu ya neno, ambayo hati za Kiurdu huionyesha, hupotea. Vivyo hivyo, hati za Kirumi za Kiswahili Sanifu hazitofautishi t ya meno na t ya ufizi ambazo Kimvita huzitenganisha, na msomaji wa Muyaka asiyekuwa mwenyeji hana budi kuongozwa. Kuvuka hati, basi, hakumgeuzi mtunzi kuwa wa lugha nyingine, lakini pia hakukosi gharama. Kwa Raza, gharama hiyo ilikuwa ushairi wake wa Kiurdu, ambao wasomaji wa riwaya zake wachache wameufuata.

Katika shairi moja lililotungwa kwa umbo la wasia aliomba kwamba akifa arudishwe Ghazipur, akakabidhiwe mto Ganga. Ni ombi la Mwislamu wa Kishia, mwenye lakabu ya Kiajemi, kwa mto ambao Wahindu huuita mama. Mwanahistoria wa fasihi atakayetaka kumweka katika fungu moja tu la lugha atalazimika kwanza kulitafutia ombi hilo mahali pake.